Pumzi Kabla ya Tangazo

Kazini walimwita Mkasi, na hakulikataa jina hilo kwa sababu halikuwa la uongo. Alikuwa mkataji katika karakana ya ushonaji iliyotengeneza mashuka ya hospitali na makoti ya wauguzi. Washonaji walikuwa kumi na wanne. Mkataji alikuwa yeye peke yake. Kila asubuhi alitandaza kitambaa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka hadi thelathini, akachora mistari kwa chaki, akawasha mashine ya kukatia na kuipitisha bila mkono kutetemeka. Akikosea yeye, makoti thelathini yamekosea kwa mpigo. Msimamizi wa karakana, mzee mwenye uso mkavu na bahili wa sifa, aliwahi kumwambia mgeni mmoja, "Huyu akikata, kitambaa chenyewe hakina habari."

Mabaki yalifagiliwa jioni, yakajazwa kwenye magunia na kuchukuliwa na watu wa kutengeneza mito. Mkasi aliruhusiwa kuchagua machache, na kwa hayo alimshonea baba yake vitambaa vya shingoni, tisa vyeupe na kimoja cha buluu. Vilikuwa vya kufunika kitundu alichoachiwa na madaktari miaka miwili iliyopita, walipomtoa uvimbe kooni pamoja na kisanduku cha sauti. Baba alipumua kupitia kitundu hicho sasa. Sauti ndiyo ilikuwa imekwenda na maji.

Na ilikuwa sauti, jamani! Kwa miaka ishirini na tisa Baba alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Hakuwa mtu wa redioni, mwenye jina na picha. Alikuwa sauti tu, itokayo kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo, ikiwaambia watu treni ipi inaondoka jukwaa lipi. Abiria hawakuijua sura yake. Siku moja aliingia dukani akaomba sabuni, na muuzaji, kwa kuisikia sauti ile tu, akageuka kutafuta mzigo wake. Watu walisema sauti ile ingemtoa nyoka pangoni, na nyoka mwenyewe angetoka na tiketi mkononi, mkono asio nao.

Siku za mapumziko yake stesheni ilipiga kaseti alizorekodi mwenyewe, abiria wasije wakapotea. Ilipoletwa mashine ya kutangaza, kaseti zile ziliamriwa kutupwa. Baba akazibeba nyumbani ndani ya boksi la viatu. Zilikuwa kumi na moja. Zilikaa chini ya kitanda chake mpaka alipotoka hospitali, ndipo siku moja akazivuta kwa mguu, akampa binti yake, kisha akaandika kwenye daftari alilolining'iniza kifuani kwa kamba ya kiatu: "Chukua. Mimi hazinifai tena."

Alijua anampa nani. Kwa maana Mkasi alikuwa na kazi ya pili, ile isiyo na msimamizi.

Nyuma ya nyumba yao palikuwa na stoo ya magodoro chakavu na ndoo zilizotoboka. Mkasi alitundika mablanketi kwenye kuta ili sauti isirukeruke, akaweka laptopu juu ya meza ya cherehani iliyokufa zamani, na kila Jumapili asubuhi alijifungia humo. Dirisha lilikuwa dogo na vumbi la kioo chake halijawahi kupanguswa, kwa hiyo mwanga uliingia umechujwa, hafifu, wa rangi ya chai yenye maziwa mengi. Hedifoni zikishakaa masikioni, dunia ilirudi nyuma hatua mbili, na Mkasi akaanza kukata.

Alichukua ngoma za sekunde sita kutoka santuri fulani ya kale, akazikata vipande vidogo mno, akavichanganya, akavipanga upya, akaviongeza kasi mpaka mguu wa mchezaji usingejua ufuate kipi. Juu yake alibandika sauti za kuokota: bawaba ya mlango, kifuniko cha sufuria, kikohozi cha jirani. Wenyewe huuita muziki huo brekikoo. Shangazi yake, dada wa Baba, aliyeishi nao na kuitawala nyumba kuanzia jiko hadi bomba, aliuita brekifeli, kwa kuwa gari lililofeli breki mteremkoni ndilo pekee aliloliona likienda kasi ile.

"Haraka haraka haina baraka!" alimpigia kelele kupitia mlangoni.

"Shangazi, hii si haraka. Ni vitu vingi vinavyopita pamoja."

"Basi vipange foleni, mwanangu! Vina nini?"

Lakini anayeusikiliza muziki ule kwa muda, tuseme ukweli, hufika mahali ambapo kasi yenyewe inageuka kuwa utulivu. Ngoma zikizidi kuwa nyingi haziumizi tena. Zinakuwa mvua juu ya bati, na mtu chini ya bati anapata usingizi. Mkasi aliishi kwa ajili ya mahali hapo. Na siku alipoingiza kaseti ya kwanza ya baba yake, akaisikia sauti ile ikitokea katikati ya mvua, ikisema, "Abiria wapendwa," alivua hedifoni akalia kwanza, ndipo akaendelea.

Majina ya miji aliyaondoa yote. Muziki haukutaka kwenda mahali. Kilichobaki ni abiria, saa, majukwaa, tafadhali na safari njema. Alipokisikiliza muda mrefu aliiona stesheni yenyewe: jukwaa lisilo na mwisho, watu wamesimama na mizigo yao bila wasiwasi, treni zikija na kuondoka, na hakuna anayeuliza zinakwenda wapi. Mara nyingine naye alikuwapo, mdogo, ameshika mkono wa mama yake aliyefariki zamani, wakitazama juu kwenye kipaza sauti. "Yule nani?" mama alimuuliza. "Ni Baba," akajibu, na treni ikaingia taratibu bila kelele yoyote.

Kwa miezi minane alikata. Alipata vipande elfu moja mia tatu na kumi na viwili, na kanuni yake ilikuwa moja: kila kipande kianzie palepale sauti inapoanza. Ukiacha hata unywele wa ukimya mbele ya neno, ngoma inachechemea. Kwa hiyo aliukata mwanzo wa kila tangazo kwenye ukingo wa herufi ya kwanza, safi, na kilichotangulia alikitupa. Laptopu ilipolemewa na kuanza kukohoa, alifuta rekodi nzima alizozihamisha kutoka kwenye kaseti, maana za nini tena? Kila neno alikuwa nalo.

Kaseti zenyewe nazo alizifuta kwa sumaku. Hilo lilitokana na dada mmoja wa mji mwingine, mwenye lebo ndogo ya brekikoo, ambaye hawakuwahi kuonana isipokuwa kwenye simu. Dada huyo alikubali kuitoa albamu siku ya Ijumaa, mtandaoni, pamoja na nakala za kaseti. "Unazo kaseti za zamani?" alimuuliza, na Mkasi akaona hakuna wazo zuri kama hilo. Muziki wa Baba ndani ya kaseti za Baba, nakala kumi na moja, na albamu ikiitwa *Jukwaa la Pili*.

Baba alikuwa ameweka sharti moja tu daftarini: "Nisikie kabla ya watu." Mkasi alikubali, tena kwa furaha, kwa sababu yeye alitaka kitu kikubwa kuliko ruhusa. Alitaka baba yake ajisikie tena. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alisema, "Shikamoo, Baba," na Baba, badala ya marahaba, aligonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole, mkono wa pili ukibana kitambaa shingoni ili hewa isisikike ikitoka. Katika vipande vyote vile hapakuwa na marahaba hata moja. Nani humwamkia kipaza sauti? Aliwahi kujaribu kuiunga kwa silabi za maneno mengine, ikatoka sauti ya mlevi anayesoma risiti, akaifuta upesi kabla mtu hajasikia.

Jumapili iliyotangulia ile Ijumaa, aliweka spika mbili sebuleni. Baba alivaa kitambaa cha buluu na kukaa kwenye kiti kinachotazamana na saa ya ukutani. Shangazi alikaa karibu na mlango, kwa usalama wake, alivyosema.

Dakika ishirini na sita. Ngoma zilimwagika, zikajikunja, zikarudi kinyumenyume. Sauti ya Baba ikapita juu yake kwa makundi, ikagawanyika, ikaimba bila kujua kwamba inaimba, ikatamka "tafadhali" mara sitini kwa kasi ya mtu anayepiga chafya. Shangazi alishika kichwa, kisha akashangaa kuuona mguu wake mwenyewe ukitikisika, akaukemea. Baba hakusogea. Muziki ulipokwisha, mshale wa saa ulisikika.

Baba aliandika polepole, kisha akageuza daftari.

"Sauti ni yangu. Lakini mtu huyu hapumui."

Mkasi alisoma mara mbili. Baba akalichukua daftari tena na kuandika ukurasa mzima, herufi zake zikiwa zimenyooka kama alivyozoea kuandika ratiba za treni. Aliyemfundisha kazi, aliandika, alimwambia kwamba kabla ya kubonyeza swichi hupumui. Unabonyeza kwanza, ndipo unavuta pumzi, ili abiria waisikie. Wakisikia pumzi wanajua kuna mtu. Wanaacha mazungumzo, wanageuka. Mashine waliyoileta stesheni ilikuwa na maneno yote yaleyale, wala haikukosea saa, na watu waliichukia bila kujua kwa nini. Chini kabisa aliandika: "Albamu hii ni ile mashine. Usiitoe."

Akafunga daftari. Yeye si mtu wa kurudia tangazo.

Mkasi alikimbilia stoo. Alivifungua vipande kimoja baada ya kingine akitafuta pumzi, mia, mia mbili, mia tano. Kila kimoja kilianzia kwenye wembe. Alisikiliza kaseti zote kumi na moja kwa redio kaseti ya Shangazi na akasikia mvumo mtupu. Sumaku ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye ndiye aliyeishika ndoo.

"Bandubandu huisha gogo," alisema Shangazi alipomkuta amekaa juu ya godoro chakavu, uso umemvimba kwa kilio. Hakusema kwa ubaya. "Umembandua kaka yangu kidogo kidogo mpaka akaisha. Sasa umwambie."

"Nitamwambiaje, Shangazi? Alinipa mwenyewe, kwa mkono wake."

"Kwa mguu," Shangazi alisahihisha. "Alizivuta kwa mguu, nilimwona. Lakini umwambie."

Hakumwambia siku hiyo, wala Jumatatu. Jumanne alikuwa kwenye meza ndefu, tabaka thelathini mbele yake, na kelele za vyerehani kumi na vinne zilikuwa zimeshamchukua usingizini akiwa macho, kama zilivyomfanyia mara nyingi. Mkono ulikuwa unachora wenyewe. Mstari wa kwanza ni wa umbo la koti. Wa pili, upana wa kidole nje ya ule, ndio wa kukatia, na kilicho kati ya mistari hiyo miwili ni nafasi ya mshono. Hakuna anayeivaa nafasi ya mshono. Haionekani, imejificha ndani. Lakini mkataji akiisahau, koti halishoniki. Una mikono miwili na mgongo na huna nguo. Alijifunza hilo siku yake ya kwanza kazini, na hajawahi kulisahau kwa kitambaa chochote katika miaka kumi na mmoja.

Chaki ilisimama. Alikuwa ameacha nafasi ya mshono kwenye makoti ya watu asiowajua, na hakumwachia baba yake hata unywele.

Aliporudi nyumbani alimkuta Baba amesinzia kitini, mwanga wa alasiri ukiwa magotini. Mkasi akakaa karibu yake na kwa mara ya kwanza akausikiliza ule mlio chini ya kitambaa: hewa ikiingia kwa mkwaruzo mdogo, ikasita, ikatoka kwa filimbi laini. Miaka miwili aliishi nao na hakuwahi kuusikiliza. Zaidi ya hapo, na hili lilimchoma, yeye ndiye aliyeshona vitambaa vile kwa tabaka mbili ili usisikike. Alidhani anamsitiri.

Baba alifumbua macho.

"Baba," alisema Mkasi, "zile pumzi zako sina. Nilizikata nikazitupa, kisha nikafuta kaseti zote kwa sumaku. Hakuna kilichobaki. Nisamehe."

Baba aliinua mkono, akabana kitambaa shingoni.

"Naomba hii uliyo nayo sasa," Mkasi aliendelea. "Niirekodi."

Baba aligonga kiti mara mbili. Hapana. Akavuta daftari. "Hii si ile. Hii inatisha watoto."

"Najua si ile. Ile nimeipoteza mimi, na siwezi kuirudisha. Lakini wewe bado unapumua, Baba. Niko hapa nakusikia. Kwa nini wasikusikie?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

Baba aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa kumi na dakika ishirini, saa ya treni ndefu ya alasiri, ile iliyojaa wanafunzi. Mshale ulipogusa, alinyoosha mgongo. Akapeleka mikono yote miwili nyuma ya shingo, akafungua fundo, akakiweka kitambaa gotini na kukikunja mara nne. Mkasi aliifuata maiki stoo akakimbia nayo huku akijikwaa kwenye ndoo.

Kidole cha Baba kilibonyeza ukingo wa meza. Tik. Ndipo akavuta pumzi, ndefu, yenye mkwaruzo mwanzoni, yenye uzito wa mtu mzima anayejua analotaka kusema. Midomo ikaanza kutamka. Hakukuwa na neno, hewa tu ikipita mahali pasipo na sauti, lakini ilisimama panapostahili koma na kushuka panapostahili nukta. Mkasi alijua kila alichosema. Abiria wapendwa. Jukwaa la pili. Akawatakia safari njema, akavuta pumzi ya mwisho, akaachia swichi. Sekunde arobaini.

Siku mbili zilizobaki alizitumia kurudisha nafasi. Mbele ya kila sauti ya zamani aliweka pumzi mpya, nyingine nzima, nyingine nusu, na ngoma zikalazimika kusogea na kusubiri. Albamu ikawa na dakika thelathini na moja. Dada wa lebo alipiga simu Alhamisi alasiri.

"Mbona kila kitu kinachelewa? Inachechemea, mwenzangu."

"Inapumua," Mkasi alimjibu. "Acha ichelewe."

"Haya. Ni yako." Kisha akaongeza, "Ile ya mwisho, ngoma zinaponyamaza akabaki yeye tu, nimeisikiliza nikageuka nyuma. Nilidhani kuna mtu chumbani."

Jioni hiyo Baba alisikiliza yote kitini pake. Kipande cha mwisho kilipofika, pumzi ya spika na pumzi yake zilikwenda pamoja, na mtu asingeweza kusema ipi ni ipi. Akagonga meza mara moja. Ndiyo.

Ijumaa asubuhi *Jukwaa la Pili* ilikuwa imeshatoka, na huko mbali watu wasiojulikana walikuwa wanaisikiliza wakiwa katika vyumba vyao. Mkasi alipita sebuleni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Shikamoo, Baba."

Kifundo cha Baba kilinyanyuka kuelekea mezani, kikabaki hewani, kikashuka gotini. Shingo ilikuwa wazi. Kile kitambaa cha buluu kilikuwa kwenye kamba uani, kinakauka. Akavuta pumzi, ile ndefu ya kabla ya tangazo, na midomo yake ikatamka marahaba nzima, silabi zote nne, hewa ikiisindikiza kila moja kwa zamu yake. Mkasi aliisikia. Nasema aliisikia, na asije mtu hapa kunibishia.

Maiki ilikuwa juu ya kabati, hatua mbili tu kutoka alipokuwa. Hakuifuata. Alisimama palepale akilia, kiatu kimoja bado mkononi, mpaka Baba alipochukua daftari, akaandika, akamwonyesha: "Saa moja na dakika kumi. Umechelewa."